Mtoto wa meza, saraka au droo? Historia ya kabati la jikoni Pwani

Mwezi uliopita niliaibishwa na neno moja mbele ya fundi. Tulikuwa Bodo, kijiji cha wavuvi upande wa chini wa Msambweni, pale watu wanapopandia mashua kwenda Funzi. Nilikuwa nimemwita fundi aje aturekebishie makabati ya jikoni kwa dada yangu mkubwa. Nikamwomba atutolee kwanza zile saraka tatu za chini.

Fundi akanikodolea macho. "Saraka ndio nini, Prof?"

Dada alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Hata hakuinua kichwa. "Akwambia watoto wa meza, mwanangu."

"Aa! Madroo!" Fundi akacheka, akayachomoa.

Msomaji wangu, mtu aliyefundisha Kiswahili chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini hatarajii kufasiriwa na dada yake nyumbani kwao. Nilicheka nao, lakini usiku sikulala upesi. Watu watatu katika chumba kimoja, kitu kimoja, majina matatu. Na kila jina lilikuwa limeingia nyumba za Pwani kwa mlango wake.

Nianze na sababu ya fundi kuitwa, kwa maana historia hii kwangu si ya vitabuni tu. Dada ana miaka sabini na mmoja. Maisha yake yote amepikia kuni katika kibanda cha makuti nyuma ya nyumba. Kikohozi chake tunakijua sote; ukipiga simu unakisikia kabla ya salamu. Miaka miwili iliyopita nikasema basi, inatosha. Nikatenga chumba kimoja ndani ya nyumba, nikamnunulia jiko la gesi, nikaenda katika duka moja la samani na kulipa Sh38,000 kwa makabati ya vipande: manne ya chini, matatu ya kutundika juu. Yalikuwa meupe, yanang'aa, kama yale tunayoyaona kwenye picha. Nikarudi Nairobi nikijiona ndugu mwema.

Masika ya kwanza yakanisuta. Ule haukuwa ubao wa mti uliopasuliwa. Ulikuwa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Ulipogusa sakafu yenye majimaji, ulivimba kama andazi. Bawaba zikashikwa na kutu, maana hewa ya huku ina chumvi, haibembelezi chuma. Makabati ya juu nayo yalitundikwa juu mno hata dada akawa anapanda kigoda kuchukua sufuria, na siku moja kigoda kikateleza. Hakuvunjika, Alhamdulillahi. Hakunilalamikia pia. Alirudi kimya kimya kwenye kibanda chake cha moshi, na mimi nikaja kuambiwa na mpwa wangu miezi kadhaa baadaye.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kabati la jikoni lilitoka wapi, na nani aliamua liwe hivi lilivyo.

Neno la awali hapa ni "jiko" lenyewe, nalo ni letu kabisa. Ni la Kibantu. Wagikuyu wana "riko" lao, na ndugu wengine wana yao. Jiko kwanza ni moto na mahali pa moto, ndipo likawa chombo cha kupikia, likawa chumba, na mwishowe likawa mke: kijana akioa tunasema amepata jiko. (Wanafunzi wangu wa kike hawaupendi msemo huo, na siwalaumu.) Angalia basi kwamba katika maana zote hizo hamna fanicha. Jiko la Mswahili lilikuwa mafiga matatu, kinu, mbuzi, vyungu, mitungi na vikapu. Vitu vya kuhifadhi vilikuwa juu au vimening'inia. Marehemu mama alikuwa na susu, wavu wa kamba uliofungwa darini na kubeba bakuli za chakula, ili paka na panya wabaki kutazama tu. Palikuwa na uchanja wa kuanikia vyombo nje, na uchaga juu ya moto ambako mahindi yalikaushwa kwa moshi, na moshi huo huo ukifukuza fukusi. Kumbe moshi nao ulikuwa na kazi yake. Nilipouondoa ndani ya nyumba ya dada, sikuweka kitu badala yake.

Huko kaskazini, Lamu na Pate, nyumba za mawe za matajiri wa karne ya 18 zilikuwa na zidaka: safu kwa safu za vishimo vilivyochongwa ukutani kwa chokaa na kupambwa, ambamo waliweka sahani za kaure na vitu vya fahari. Sisi wa Kiswahili sanifu tungesema vidaka, lakini Kiamu kina "zi" pale tunapoweka "vi". Lakini zidaka hazikuwa za jikoni. Zilikuwa za chumba cha ndani, mbele ya macho ya mgeni wa heshima. Jiko lilipandishwa juu ya paa ili moshi na harufu viende zake. Fahari ya kuonyesha vyombo ilitangulia, na haja ya kuvihifadhi ikafuata nyuma. Wazungu nao walifanya vivyo hivyo, kama nitakavyoeleza.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili hawakutuachia mengi ya kuwashukuru, ila walituachia msamiati wa fanicha. Meza ni neno lao. Kasha ni lao, kutoka "caixa". Bweta, lile sanduku dogo la vito na karatasi za thamani, ni lao vilevile. Na parafujo, msumari wenye mikunjo unaoingia kwa kuzungushwa, ni "parafuso" ya Wareno bila kuficha. Marehemu baba, aliyekuwa seremala wa milango na vitanda, hakuwahi kusema "skurubu" hata siku moja. Alisema parafujo, na mimi mtoto nilidhani ni neno la Kidigo.

Lipo pia "almari", ambalo lina safari ndefu zaidi. Wareno walilipeleka India, Wahindi wakalifanya "almari", na kwa mkono wa biashara likafika kwetu. Ukilifuata nyuma hadi Kilatini utakuta lilikuwa ghala la silaha. Vikombe vya chai vya nyanya zetu vililala mahali pa mikuki.

Waarabu walituletea sanduku, rafu na shubaka. Bawaba ni yao pia, neno lenye ukoo na mlango. Na kutoka Bahari Hindi yalikuja yale makasha mazito ya njumu za shaba ambayo watalii huyaita makasha ya Zanzibar, ingawa mengi yalichongwa India. Ukiyatazama chini utaona jambo la kutufaa hapa: mengi yana visanduku vitatu vya kuvuta, vimepangwa safu moja chini ya kasha. Mwanamke aliyetaka hina au hirizi hakulazimika kufunua kifuniko kizito na kufukua nguo zote. Alivuta tu. Kitu hicho cha kuvuta ndicho kamusi zetu zinachokiita saraka.

Kamusi hizo hizo, za kale na za sasa, zinakiita pia mtoto wa meza. Nalipenda jina hili kuliko yote. Kiswahili kina tabia ya kuona uzazi katika vitu: ugonjwa unaotanda kwenye mboni tunauita mtoto wa jicho, na kisanduku kinachoingia na kutoka tumboni mwa meza tunakiita mtoto wake. Lakini jina lina shida ya kimantiki ambayo fundi wangu aliiona upesi kuliko mimi. "Na hapa hamna meza, Prof. Huyu ni mtoto wa nani?" Sikuwa na jibu. Saraka nayo imehamia kwenye kompyuta na orodha za majina, ikaacha mbao nyuma. Basi droo limeshinda, na nimekubali. Ninachoomba ni tuliandike "droo", wingi wake "droo" au "madroo", na si zile herufi nilizozikuta kwenye risiti ya duka: "drowa 3".

Kabati lenyewe ni la Waingereza. Ukilipasua neno lao unapata "kikombe" na "ubao", maana hapo kale halikuwa sanduku lenye milango, lilikuwa meza wazi ya kupangia vikombe vya fedha ili wageni wavione. Zidaka za Lamu tena! Milango ilikuja baadaye. Kwetu neno liliingia ngeli ya LI-YA, kabati hili, makabati haya. Huku tunakoelekea naona watu wanasema "kabati hii", hata madukani wameandika hivyo. Sitagombana nao leo, nafasi ni finyu.

Enzi ya ukoloni ilileta kabati moja ambalo wasomaji wa rika langu watalikumbuka: kabati la wavu. Lilikuwa na miguu minne mirefu, na milango ya wavu wa waya ili hewa ipite na nzi wabaki nje. Kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maji au mafuta ya taa, na sisimizi waliozoea kupanda walikuta bahari. Mama alikuwa nalo. Baba alilitengeneza kwa mbao za mvule na vipande vya mwembe. Samaki wa kukaanga alilala humo hadi kesho. Ni kabati lililojua liko wapi, sijui nilisemeje zaidi.

Sasa twende Ujerumani kidogo, kisha turudi. Makabati ya vipande, yaani yanayotengenezwa kiwandani kwa vipimo vinavyolingana ili yapangwe ubavu kwa ubavu, yana mama yake. Ni jiko la Frankfurt la mwaka 1926, lililobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu majengo kutoka Austria. Mji wa Frankfurt ulikuwa ukijenga nyumba nyingi za bei nafuu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jiko lake lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, likiigiza majiko ya mabehewa ya reli, ambamo mpishi hulisha watu wengi bila kupiga hatua nyingi. Yalitengenezwa kama 10,000. Ndani mlikuwa na visanduku vya alumini vyenye mkono na mdomo wa kumiminia, kimoja cha mchele, kimoja cha sukari na kadhalika. Unga peke yake uliwekwa katika kisanduku cha mwaloni, kwa sababu mti huo huzuia wadudu wa unga. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka uchaga wa mama. Tatizo ni moja: fukusi hana uraia.

Aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa mji huo, bosi wa Lihotzky, aliitwa Ernst May. Na hapa hadithi inageuka njia na kuja kwetu. May alikwenda Urusi mwaka 1930, na Wanazi waliposhika Ujerumani hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika akalima karibu na Arusha. Mwaka 1937 akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka Waingereza wakamfunga kizuizini kwa kuwa Mjerumani, wakamwachilia, akaendelea na kazi mpaka aliporudi Ujerumani mwishoni mwa 1953. Alichora mpango wa upanuzi wa Kampala. Alibuni Oceanic Hotel ya Mombasa. Na mwaka 1945 alibuni nyumba za Waafrika za vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari, vya kupachikwa kimoja juu ya kingine. Nyumba hizo hazikuenea.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Alijua zaidi ya karibu kila mtu duniani jinsi ya kumpa maskini jiko zuri kwa bei ndogo, na aliishi miongoni mwetu karibu miaka ishirini. Lakini Kenya ya wakati ule ilikuwa imeamua Mwafrika akae katika chumba kimoja cha mjini bila mke, na mtu asiye na familia jiko la nini? Ujuzi ulipita mlangoni petu haukubisha hodi. Makabati ya vipande yalipokuja baadaye yalikuja kwa njia ya maduka, yakiwa yamepita Uswidi, ambako kampuni ya IKEA ilianza mwaka 1956 kuuza fanicha iliyofunguliwa, baada ya mfanyakazi mmoja kung'oa miguu ya meza ili iingie garini. Yakaja kama bidhaa ya kununuliwa kwa picha. Swali la nani atapikia hapo halikuja nayo.

Dada aliuliza swali hilo bila kusoma chochote. Fundi alipokuwa akipima ukuta, alisema, "Huyo alochora jiko hili, kapika lini?"

Nikamwambia ukweli: Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipobuni jiko la Frankfurt hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika.

"Nlijua," akasema, akarudia nazi yake.

Basi tulifanya hivi. Makabati manne ya chini, mawili yalikuwa yameoza kwenye kitako. Fundi akayakata sentimita 15 za chini, akatupa sehemu iliyovimba. Badala ya kuyarudisha sakafuni, alijenga kitako cha zege na kukivika vigae, makabati yakakaa juu yake. Ni kopo la maji la mama, ila hili halihitaji kujazwa. Kingo zote zilizokatwa zikapakwa vanishi mara tatu, kwani maji hupenyea kwenye kingo, si kwenye uso unaong'aa. Ubao mwembamba wa nyuma ukang'olewa ukawekwa wavu wa waya, hewa ipite. Bawaba mpya ni za chuma kisichoshika kutu; zilitugharimu kuliko nilivyotaka, lakini ndipo mahali pasipofaa kubana shilingi.

Halafu kimo. Meza za majiko haya husimama kama sentimita 90 kutoka sakafuni, kipimo cha mwanamke mwenye kimo cha Ulaya aliyevaa viatu. Fundi alimpima dada kutoka sakafuni hadi kiwikoni akiwa peku: sentimita 92. Akatoa upana wa kiganja na vidole, akasema uso wa meza uwe 80. Baba angepima kwa shubiri na kufika pale pale.

Makabati matatu ya juu tuliyateremsha yote. Mawili yakawekwa sakafuni juu ya kitako, na rafu zake zikageuzwa droo. Sababu ni magoti. Rafu ya chini humlazimu mtu kuinama na kuchungulia. Droo unaivuta, unaona kila kitu kwa juu. Ile reli ya chuma ya droo fundi aliikataa mwenyewe. "Mwaka mmoja tu, Prof, chumvi imeila." Akachonga vijiti viwili vya mvule kila upande na kuvisugua kwa mshumaa. Nikamwuliza alijifunzia wapi. Akasema kwa mzee mmoja wa Msambweni, ambaye naye alifundishwa na mzee mwingine. Sikuuliza zaidi. Niliogopa kusikia jina la baba na kulia mbele ya kijana wa watu.

Ndani ya mbao za viwandani tulikuta safu za matundu madogo, kila moja milimita 32 kutoka kwa jingine. Ni kipimo cha Wajerumani kinachofuatwa karibu kote duniani, na kwa sababu hiyo rafu ya kiwanda kimoja huweza kuingia kabati la kingine. Fundi alikuwa amegundua hilo kwa kufanya kazi tu, na alikuwa na jina lake: "matundu ya ndugu." Ningekuwa na kamusi ninayoiandika, ningeliingiza leo. Makabati yenyewe anayaita "ya kuunga". Mimi nilikuwa nikipendekeza "kabati la vipande" darasani. Sasa sina uhakika tena kwamba langu ni bora.

Bodo imo katika eneo la Chifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia kijitabu mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kile cha Kivumba. Nilikwenda na daftari nikidhani nitamuuliza dada majina ya kale ya vyombo. Alinipa susu, akanipa uchanja, akanipa mengine manne ambayo nitayaleta hapa wiki ijayo baada ya kuyahakiki kwa wazee wa Funzi. Alisema wajukuu hawayajui kwa sababu vitu vyenyewe hawajaviona.

Ni wiki ya tano sasa. Mpwa ananiambia dada anapikia ndani asubuhi na jioni. Kibanda cha makuti anakitumia Ijumaa tu, kwa wali wa nazi wa watu wengi, na hilo sitalipigania. Kikohozi bado kipo. Droo ya juu ameweka vijiko na visu, ya pili chumvi, iliki na bizari, ya tatu leso zake, jambo ambalo Frankfurt hawakulifikiria.

Mbuzi ya kukunia nazi haikuingia katika droo yoyote. Miguu yake ni mirefu na ulimi wake unatoka nje. Nilisema tuitundike kwenye msumari nyuma ya mlango, dada akasema msumari umwue mtoto gani. Fundi amepima, amekuna kichwa, na ameahidi kurudi Jumamosi na randa.